Kushuka Makorongo ya Usambara kwa Miguu: Mwongozo Kamili wa Safari ya Siku Moja

Apandaye mlima huanza na kazi ngumu asubuhi, angali na nguvu, kisha hurudi kwa mteremko jioni akiwa amechoka. Aendaye korongoni hufanya kinyume chake: huteremka kwa wepesi akiwa na tumbo lililoshiba na maji ya kutosha, halafu, jua likiwa limeanza kuinama na magoti yamelegea, ndipo anapotakiwa kuupanda ukuta ule ule alioushuka. Sehemu kubwa ya matatizo ambayo nimeyaona mabondeni yalitokana na mtu kuipanga siku yake kana kwamba anakwenda mlimani. Yaliyobaki yalitokana na maji, ambayo nitayazungumzia kwa kirefu zaidi kuliko jambo jingine lolote.

Mwongozo huu unahusu Milima ya Usambara, mkoani Tanga, ambayo ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Usambara Magharibi ndiko uliko mji wa Lushoto, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, huku Mombo, penye barabara kuu, pakiwa karibu kilomita nzima chini yake. Tofauti hiyo ya kimo ndiyo iliyochonga makorongo tunayoyazungumzia, kwa kuwa vijito vinavyotoka katika misitu ya juu hulazimika kushuka kwa ghafla kuelekea tambarare. Usambara Mashariki, upande wa Amani na bonde la mto Zigi, ni kwa chini zaidi, kuna joto na unyevu mwingi, na mvua inaweza kunyesha mwezi wowote wa mwaka.

Kuchagua bonde na msimu

Kwa anayeanza, ningeshauri maporomoko ya Mkuzu karibu na Lushoto, au vijia vya Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, ambako msitu umefungamana lakini njia zinajulikana. Maporomoko ya Soni huonekana hata kutoka barabarani, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kupima hali ya mito kabla hujafika Lushoto: kama Soni inanguruma na maji yake ni ya rangi ya udongo, ujue kwamba vijito vya juu navyo vimeshiba. Bonde la mto Bangala liwekwe baadaye, kwa sababu katika baadhi ya sehemu mtembeaji hupita ndani ya maji yenyewe. Amani, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902 na ambako hifadhi ya sasa ilitangazwa mwaka 1997, panamfaa mtu anayependa msitu kuliko mandhari ya mbali, maana huko mara nyingi huoni zaidi ya hatua ishirini mbele yako.

Miezi ninayoipenda ni Juni hadi Septemba, na baada ya hapo Januari na Februari. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, si wakati wa kuingia korongoni: udongo mwekundu wa Usambara hugeuka sabuni, kingo za vijia humeguka, na hata barabara ya Mombo kwenda Lushoto hufunikwa na maporomoko ya udongo mara kwa mara. Vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, huvumilika kwa mtu anayeweza kuahirisha safari asubuhi ile ile bila kujutia nauli. Kumbuka pia kwamba Julai ni baridi huko juu, na mtu aliyetoka Tanga mjini na fulana moja hutetemeka kabla hajaanza kutembea.

Kibali na mwenyeji

Hifadhi za Magamba na Amani ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kuingia bila kulipa kiingilio ni kosa. Fika ofisini mapema, au siku moja kabla, kwa kuwa malipo hufanywa kwa namba maalumu ya malipo ya serikali, na siku ambayo mtandao unasumbua unaweza kupoteza saa mbili za asubuhi, ambazo ndizo za thamani zaidi.

Nje ya hifadhi, mabonde mengi yana wenyewe. Sakafu ya bonde ni shamba la mtu, lenye karoti, kabichi, viazi na maharage, na mfereji unaoupita kwa kuruka ndio unaomwagilia shamba hilo. Pita ofisi ya kijiji au kwa mwenyekiti wa kitongoji, jitambulishe, sema unakokwenda, kisha omba mtu wa kukuongoza. Kiongozi mwenyeji si pambo la safari. Yeye anajua ni gogo gani la kuvukia limeoza tangu masika yaliyopita, na ni kichaka gani watu wa ukoo fulani hawapendi kiingiwe na wageni. Mkubaliane malipo kabla ya kuondoka, na umuulize kama atakula chakula chako au atabeba chake, ili asibaki anakutazama ukitafuna.

Kupanga saa

Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo ilifaa vilima vya kwao vilivyo wazi. Katika korongo lenye msitu, lenye mizizi, mawe ya kuteleza na vivuko, mimi huhesabu kilomita mbili tu kwa saa, na mwinuko huuongeza vile vile.

Chukua mfano wa njia ya kilomita nane, kwenda na kurudi, yenye mteremko wa mita 500. Kutembea kutachukua saa nne, kupanda kutaongeza karibu saa moja, na mapumziko pamoja na chakula saa nyingine moja. Ukiondoka saa moja asubuhi utakuwa umetoka bondeni saa saba mchana, kabla ya mawingu ya alasiri kukusanyika. Ukiondoka saa nne, kama wafanyavyo wageni wengi waliolala Lushoto na kunywa chai taratibu, utatoka saa kumi jioni ikiwa hakuna lolote litakaloharibika, na korongoni daima kuna kitu cha kuharibika. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, lakini chini ya magenge na matawi giza hutangulia kwa muda mrefu.

Kwa sababu kupanda ndiko kunakuja mwisho, weka saa ya kugeuka na uiheshimu. Mimi hutumia theluthi: theluthi moja ya muda kwa kushuka, theluthi mbili kwa kurudi na kwa dharura. Saa ya kugeuka ikifika, unageuka hata kama unasikia maporomoko yakilia nyuma ya kona. Jambo hili ni gumu kuliko linavyosikika, hasa mkiwa watu wanne na mmoja amekuja na kamera.

Kabla ya kuondoka, mwachie mtu aliyebaki mjini ujumbe wenye mambo matatu: jina la bonde, saa mnayotarajia kutoka, na saa ambayo asipopata habari zenu aanze kuwatafuta. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114 na ya polisi ni 112, lakini ndani ya korongo simu haishiki mtandao, kwa hiyo anayeweza kupiga namba hizo kwa hakika ni yule aliye nje.

Vifaa

Fedha yako ianzie miguuni. Buti za mvua, ambazo wakulima wengi huvaa, ni nzuri shambani, ila zikijaa maji kivukoni huwa mzigo, na nyayo zake hazishiki jiwe. Raba za mjini zenye soli laini huteleza kwenye udongo. Kinachofaa ni kiatu cha kufunga kamba chenye meno ya kina, kinachotoa maji haraka, na ambacho umeshakivaa siku kadhaa. Beba soksi jozi mbili za ziada, zikiwa zimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, pamoja na sweta na simu. Suruali ndefu iingizwe ndani ya soksi, kwa sababu ya siafu.

Fimbo ni ya lazima. Kiongozi wako atakukatia moja ukimwomba, nayo iwe imara na ifike kifuani. Tochi ya kuvaa kichwani ibebwe hata kwa safari ya saa tatu. Koti la mvua, filimbi, kisu kidogo, bendeji pana mbili, chumvi ya kuongeza maji mwilini, na chakula kisichohitaji kupikwa, kama ndizi, karanga, viazi vitamu vilivyochemshwa au chapati, vinatosha. Simu iwekwe katika hali ya kuzima mawasiliano ili betri isiishe ikitafuta mtandao usiokuwepo, na ramani ipakuliwe kabla. Usiitegemee sana, maana chini ya magenge nukta inayoonyesha ulipo huweza kuruka upande wa pili wa mto.

Kushuka

Goti hulia wakati wa kushuka, si wakati wa kupanda. Piga hatua fupi, kunja magoti kidogo, tua kwa unyayo mzima badala ya kisigino, na uteremke upandeupande penye mwinamo mkali. Usishike mti bila kuutazama: mingine ina miiba, mingine imeoza, na nyoka wa kijani wa matawini hupenda kulala katika kimo cha mkono wa mtu. Mizizi iliyolowa huteleza kuliko mawe, hivyo kanyaga kati ya mzizi na mzizi, kamwe si juu yake.

Kila baada ya nusu saa, geuka utazame nyuma. Njia ya kurudi haifanani na njia ya kwenda, na panda ya njia ambayo hukuiona uliposhuka itakusimamisha utakapopanda. Kumbuka kitu kisichohama, kama jiwe kubwa au mti ulioanguka, au piga picha.

Ukikaribia maji, kwenye mawe yenye kivuli na unyevu, tazama chini kabla ya kuweka kiganja. Huenda ukaona ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Hilo ndilo ua ambalo Wazungu hulipanda madirishani mwao duniani kote, baada ya Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, kupeleka mbegu kwao, na mtaalamu wa mimea Hermann Wendland kulipa jina la Saintpaulia mwaka 1893. Porini huota katika maeneo machache sana ya Tanzania na Kenya, hasa kwenye miamba ya namna hii. Usiling'oe, wala usilikanyage kwa kutafuta pembe nzuri ya picha.

Kuvuka maji

Swali la kwanza kivukoni ni kama kuna haja ya kuvuka. Kama upande wa pili hauna kitu ila picha, rudi. Kama ni lazima, kaa dakika tano utazame. Tupa kijiti katikati ya mkondo na utembee sambamba nacho ukingoni: kikikuacha nyuma ukiwa unatembea mwendo wa kawaida, maji hayo usiyaingie yakiwa juu ya goti. Watu hudharau maji ya kina kifupi kwa kuwa huona kina na hawaoni nguvu. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu inayokusukuma huongezeka mara nne.

Chagua mahali papana, si pembamba. Macho hupenda pembamba kwa sababu ng'ambo iko karibu, lakini hapo ndipo maji yote yalipobanwa, kwa hiyo ndipo penye kina na kasi. Kisha tazama kuelekea chini ya mto, hatua hamsini mbele: ukianguka utapelekwa wapi? Kama kuna maporomoko, au gogo lililolala kimshazari ambalo maji hupita chini yake, hapo si kivuko hata kama maji yanafika kwenye kifundo cha mguu.

Fungua mikanda ya kifuani na kiunoni ya begi, ili ukianguka uweze kulivua. Baki na viatu. Atakayevua viatu ataumia kidole kisha atateleza kwa sababu ya maumivu. Elekeza uso unakotoka mkondo, chomeka fimbo mbele yako, na usogee kwa ubavu, ukihamisha kitu kimoja tu kwa wakati: fimbo, kisha mguu, kisha mguu wa pili. Usiruke kutoka jiwe hadi jiwe, hasa mawe yaliyoota ukoga. Mkiwa watatu, shikaneni mabega, aliye mzito zaidi akitangulia upande wa juu. Usijifunge kamba mwilini, kwa maana kamba iliyokaza huweza kumshikilia mtu chini ya maji. Ukichukuliwa, lala chali, miguu ikitangulia kuelekea chini ya mto, na upige mikono kuelekea ukingo. Ukiona gogo mbele, geuka kifudifudi na upande juu yake kwa nguvu zako zote kabla halijakuvuta chini.

Madaraja ya magogo yapite mmoja mmoja. Kama gogo ni jembamba na limelowa, kulipanda kama farasi na kujisogeza kwa makalio si aibu.

Mvua isiyokunyeshea

Mvua inayoua korongoni mara nyingi hunyesha mahali pengine. Katika korongo la Ol Njorowa, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate nchini Kenya, mafuriko ya ghafla yaliua watembeaji mwaka 2012 na tena mwaka 2019, kwa maji yaliyotoka maeneo ya juu na kukusanyika katika mfereji mwembamba wa mawe. Makorongo ya Usambara yana msitu unaopunguza kasi ya maji, lakini juu ya msitu kuna mashamba na nyumba, na ardhi iliyolimwa hainywi mvua kama ardhi yenye miti.

Kwa hiyo, unapofika chini, chomeka kijiti pale maji yanapogusa mchanga, kisha ukitazame kila unapomaliza tonge. Maji yakikipita, ondoka. Dalili nyingine ni maji safi kugeuka rangi ya chai ya maziwa, majani na vijiti vibichi kuanza kuelea, harufu ya udongo uliolowa huku kwako kukiwa kukavu, na sauti ya mto kuwa nzito. Dalili inayodanganya zaidi ni maji kupungua kwa ghafla, maana huenda takataka zimeziba mahali fulani juu na bwawa linajaa. Katika hali zote hizi usikimbie kufuata bonde. Panda ubavuni moja kwa moja, uache begi kama linakuchelewesha.

Safari moja, tukiwa wawili pamoja na kiongozi, kijito tulichokuwa tumekivuka asubuhi kwa kulowesha soksi tu tulikikuta mchana kimefika mapajani, na sisi hatukuwa tumeona hata tone. Mwenzangu alitaka kujaribu. Mzee aliyetuongoza aliketi, akatoa muhogo wake, akaanza kula. Tulingoja karibu saa mbili, na maji yakashuka kama yalivyopanda, kwa sababu vijito vyenye eneo dogo la kukusanyia mvua hujaa upesi na hupungua upesi. Tangu hapo hubeba chakula cha kungojea, mbali na chakula cha safari.

Maji ya kunywa

Beba lita mbili hadi tatu kutoka ulikolala, na ukubali uzito wake wa kilo mbili hadi tatu. Usidanganywe na ubaridi wa kijito. Kuchemsha au kutumia vidonge huua vijidudu vinavyotoka kwa mifugo na vyoo vya vijiji vya juu, lakini hakuondoi dawa za wadudu zinazonyunyizwa kwenye mboga za bondeni. Ukilazimika kuchota, chota kwenye chemchemi iliyo juu ya mashamba yote, kisha utibu maji hayo. Kuoga chini ya maporomoko ya baridi huko juu hakuna hatari kubwa ya kichocho. Madimbwi yaliyotulia na mito ya polepole ya tambarare ndiyo ya kuogopa, kwa kuwa ndiko wanakoishi konokono waenezao ugonjwa huo.

Ukipotea au ukiumia

Wengi wamefundishwa kwamba aliyepotea afuate mto, utamfikisha kwa watu. Usambara ushauri huo ni hatari, kwa sababu vijito vingi huishia kwenye magenge yanayotazama tambarare, na anayefuata maji hujikuta juu ya ukuta asioweza kuushuka wala kurudi alikotoka. Hapa watu wanaishi juu. Simama, punguza hofu kwa kunywa maji, rudi hadi mahali pa mwisho unapopatambua, na kama hapapo, panda hadi kwenye mgongo wa kilima, ambako utaona moshi, utasikia mbwa, na simu huenda ikashika. Filimbi ipulizwe mara tatu, kisha kimya, kisha tena.

Kifundo kilichoteguka kifungwe bendeji kiatu kikiwa mguuni, kwa maana ukivua hutakivaa tena. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asinyonywe jeraha, wala asifungwe kamba ya kukaza. Atulizwe, avuliwe pete na saa, kiungo kiwekwe banzi kisisogee, kisha abebwe hospitalini. Siafu wakikupanda, kimbia kwanza kutoka kwenye msururu wao, ndipo uvue nguo na kuwatoa mmoja mmoja. Wanaosimama papo hapo kujipangusa huongezewa wengine.

Kupanda kutoka

Kula kabla ya kuanza kupanda, hata kama huna njaa. Aliye dhaifu zaidi atangulie na apange mwendo, kiongozi akae nyuma yake, na mwenye nguvu afunge msafara. Mwendo sahihi ni ule unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Pumzikeni dakika mbili kila baada ya dakika ishirini, mkiwa mmesimama, kwa kuwa anayeketi kila mara misuli yake hupoa.

Mkifika juu, vaa soksi kavu na sweta mara moja kabla jasho halijageuka baridi, mlipe kiongozi mbele ya wenzake ili asidaiwe mgao asiouelewa, kisha mpigie simu yule uliyemwachia ujumbe asubuhi, kabla hujaagiza chai.